Watoto 46, mikasi 3: tutengeneze nini Shule ya Jumapili?

mwalimu_pasua (Moshi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nafundisha Shule ya Jumapili kwenye mtaa mmoja wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, huku Pasua. Nina watoto 46, wa miaka minne mpaka kumi na moja, wote banda moja, tangu wanapotolewa ibadani mpaka mahubiri yaishe. Ni kama dakika arobaini. Akihubiri mgeni inafika saa nzima, na hapo ndipo jasho hunitoka.

Mikasi ninayo mitatu. Mmoja haukati, unatafuna.

Jumapili iliyopita tulikuwa na Yusufu na kanzu yake. Fundi cherehani jirani yangu alinipa mfuko mzima wa vipande vya vitenge, bure. Nikapanga kila mtoto achore kanzu kwenye karatasi, akate vitambaa, abandike. Nikaambulia foleni. Watoto arobaini na kitu wanasubiri mkasi, na mtoto anayesubiri mnamjua. Mmoja wa miaka sita zamu yake ilipofika, vitambaa vya rangi aliyoitaka vilikuwa vimekwisha. Akaangalia mbele yake, akaona gauni la mwenzake lina maua ya njano, akakata pindo. Tena alikata vizuri, mraba kabisa, sijui kwa nini kwenye karatasi hawezi. Mama mwenye gauni mpaka leo salamu yangu haitikii.

Gundi ya dukani nayo, chupa mbili, ziliisha kabla hatujafika benchi la tatu. Fungu langu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, likipatikana.

Sasa Mikaeli na Watoto, sikukuu yetu ya watoto kanisani, hiyo inakuja, mwisho wa Septemba, na wazee wa kanisa wanataka kila mtoto apite mbele ameshika kitu alichotengeneza mwenyewe. Mwenyewe, siyo mimi Jumamosi usiku. Naomba kitu kisichotaka mkasi wala kununua, ambacho wa miaka minne atakiweza na wa kumi na moja hatakidharau.

mama_sakina (Arusha)

Pole dada. Nimecheka hilo gauni mpaka baba watoto kauliza nina nini.

Gundi acha kununua, pika. Unga wa ngano vijiko vitatu vya chakula, maji kikombe kimoja, koroga ikiwa bado ya baridi ili isishike mabonge, ndipo uweke kwenye moto mdogo huku unakoroga mpaka iwe kama uji mzito. Tia chumvi kijiko cha chai. Usijaribu sembe! Mimi nilijaribu, ilikauka ikabanduka yote, halafu usiku sisimizi wakaja kumaliza safina ya Nuhu. Ipike Jumamosi jioni, maana ikilala siku tatu harufu yake utaikimbia.

Na mkasi wa nini? Waache wachane kwa vidole. Kalenda za mwaka jana, magazeti, karatasi za kufungia vitu dukani. Mtoto wa miaka minne kuchana ndiyo kazi yake hata usipomtuma. Kwangu tulifanya mikate mitano na samaki wawili hivyo hivyo: mikate karatasi ya kaki, samaki gazeti, magamba ya vipande vidogo. Samaki wengine walitoka wakubwa kuliko mashua, lakini nani atabisha.

mzee_wa_neno

Mwalimu, kwa heshima, Shule ya Jumapili siyo karakana. Zamani tulikaa chini tukakariri mistari, na mpaka leo tunaikumbuka. Dakika arobaini ukitoa za kubandika, neno linabaki dakika ngapi?

bibi_kihamba (Machame)

Mwanangu, hujambo. Mimi nimefundisha watoto kanisani miaka mingi, hata gundi ya dukani hatukuijua.

Mwezi huu watu wamevuna mahindi, magunzi yamejaa kila ua. Chukua magunzi. Gunzi moja ni kondoo mmoja. Toboa matundu manne chini kwa msumari, ufanye wewe nyumbani, usiwape watoto msumari. Wao watachomeka miguu ya njiti za fagio la chelewa. Mwili unapakwa gundi hiyo aliyosema mwenzangu, unaviringishwa kwenye pamba. Macho ni punje mbili za pilipili manga. Upande mwembamba wa gunzi ndio uso, huhitaji kuchonga chochote. Wadogo wabandike pamba, wakubwa wawawekee macho, maana pilipili manga ikiingia mkononi mwa mdogo itaishia puani. Hilo nimeliona.

Halafu wasomee Luka 15, yule wa kondoo mia. Wakishamaliza, wewe chukua mmoja kimya kimya ukamfiche uani. Waambie wahesabu.

mwinjilisti_monduli

Shikamoo bibi. Nakubali yote isipokuwa pamba. Huku kwetu nilipeleka kondoo wa pamba mweupe pee, watoto wa kichungaji wakamzunguka kimya, mmoja akasema: "Mwalimu, huyu ni paka." Kondoo wanaowachunga wao ni wekundu, manyoya mafupi, na mafuta yamekaa nyuma mkiani. Sasa nachanganya udongo mwekundu uliochekechwa kwenye gundi ya ngano, wanapaka gunzi zima, halafu wanaongeza donge la udongo kwa nyuma. Kila mtoto anabishana mkia wa nani umenona. Pamba ya dukani nimeacha, na hela imebaki.

mwalimu_pasua (Moshi)

Mrejesho, wapendwa.

Marahaba kwa waliosalimia, na bibi shikamoo. Nilitoboa magunzi 46, matundu 184, kidole gumba kina lengelenge. Nusu tukafanya wa pamba, nusu wa udongo wa Monduli. Wa udongo ndio waliogombaniwa. Mkasi haukutoka mfukoni mwangu.

Mzee wetu, nimekusikia, na mstari walikariri wakiwa mikono imejaa gundi. Ila yule mkubwa wangu wa miaka kumi na moja, ambaye siku zote anatazama dirishani, ndiye aliyeuliza: "Wale tisini na tisa walibaki na nani?" Nimefundisha hadithi hiyo miaka sita, sijawahi kuulizwa. Nikamwambia nitamuuliza mchungaji. Bado sijamuuliza.

Sasa sehemu ngumu. Nilificha kondoo mmoja nje, karibu na banda la chai, juu ya tofali. Wakahesabu, 45. Wakatawanyika kama siafu. Wamepekua chini ya mabenchi, nyuma ya kengele, ndani ya masale ya uzioni, hakuna. Nikaenda mwenyewe kwenye lile tofali. Hakuna.

Mama wa chai alikuwa ameona gunzi kavu limekaa pale, akawashia jiko.

Nikamwita mwenye kondoo pembeni, ana miaka mitano, nikampa mwingine tuliyemtengeneza haraka haraka, wa udongo, mkia umenona. Akamgeuza, akamtazama chini, akanirudishia. "Siye huyu. Wangu alikuwa amepinda shingo." Mahubiri yakaisha, wazazi wakaja kuchukua watoto, yeye bado anazunguka uani anatafuta. Alibebwa analia.

Bibi, kwenye magunzi yako huko Machame halikosi moja lililopinda upande mwembamba, kushoto kidogo? Niambie nipande gari hata kesho.