Malalamiko: Mji Mkongwe bei halisi huijui mpaka umeshalipa

Wanajamvi, salaam.

Nimesubiri siku tatu ili hasira zipungue kabla ya kuandika, na hazijapungua. Jumamosi iliyopita mimi na marafiki zangu wanne tulivuka kwa boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa mapumziko ya siku mbili. Siku ya kwanza tuliitenga kwa ajili ya kuutembelea Mji Mkongwe, kununua zawadi za nyumbani na kula kwenye bustani ya Forodhani jioni. Lalamiko langu ni moja: karibu kila aliyepokea fedha zetu siku hiyo alikuwa na bei mbili, moja aliyoitamka na nyingine tuliyoijua tulipokuwa tumeshalipa.

Tulianza na mtembezaji aliyetupokea nje ya bandari, tukakubaliana shilingi 60,000 kwa watu watano hadi jioni. Kitambulisho alituonyesha, lakini kwa haraka kiasi kwamba hakuna aliyewahi kukisoma. Wenyeji huwaita watu wa aina yake papasi, jina la mdudu anayenyonya damu, na aliyewapa jina hilo alijua anachokisema. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020, alilipita akiwa anaongea na simu. Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, alitupa dakika kumi. Rafiki yetu mmoja alikuwa amesimama kimya mbele ya zile sanamu tano zilizofungwa minyororo shimoni, mara akasikia anapigiwa makofi: "Dada, twende, maduka yatafungwa." Ilikuwa saa sita mchana.

Maduka yenyewe, kwa upande wake, hayakuwa na haraka hata kidogo. Alituingiza katika maduka matatu, na katika kila duka tulikaa si chini ya nusu saa huku yeye akinywa kahawa na mwenye duka. Katika la kwanza tulitajiwa bei kwa dola. Sisi ni Watanzania watano tunaozungumza Kiswahili, na kanuni za mwaka 2025 zimekwishapiga marufuku kutangaza bei za bidhaa kwa fedha za kigeni humu nchini, lakini nilipomkumbusha muuzaji jambo hilo alicheka na kusema dola ni "mazoea tu". Katika duka la pili tuliuziwa picha ya mtindo wa uchoraji wa Tingatinga ambayo tuliapiwa kwamba imechorwa na vijana wa hapo hapo uani. Nyuma yake, chini ya fremu, palikuwa na karatasi yenye jina la mtaa wa Dar es Salaam, dakika ishirini kutoka ninapoishi. Hilo nalicheka sasa, ingawa siku ile sikucheka.

Kanga sizicheki. Nilimnunulia mama doti moja, ikafungwa vizuri kwenye gazeti mbele ya macho yangu. Nyumbani, alipoikunjua ili aikate na kuipinda, ukatoka upande mmoja tu, tena pindo la chini limekatwa kwa mkasi kombokombo. Mama hakusema neno. Aliukunja upya akaniuliza kama nimekula.

Sasa nije Forodhani, ambako ndiko kilio changu kikubwa kiliko. Mtembezaji alitupeleka moja kwa moja kwenye meza aliyoichagua yeye, akituhakikishia kwamba hapo ndipo pana samaki wa siku hiyo. Najua wapo watakaonijibu kwamba tungeuliza bei kwanza. Tuliuliza mara mbili. Mara ya kwanza muuzaji alisema, "Kuleni kwanza wageni wangu, hesabu haina haraka." Mara ya pili alisema bei inategemea tutakachochagua, na wakati huo huo mkono wake ulikuwa tayari unapanga mishikaki ya kamba kwenye sahani ambayo hakuna aliyeiagiza. Pweza aliyeletwa alikuwa wa kupashwa moto: kingo zimekauka na kuwa nyeusi, katikati baridi, na ukimtafuna anarudi kama raba ya kufutia. Nimekulia Pwani, na pweza aliyelala ninamjua.

Hesabu iliandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha boksi. Mishikaki sita ya kamba kwa 12,000 kila mmoja, wakati tulikula minne, sahani mbili za pweza, 50,000, ngisi, 20,000, kolekole mmoja, 30,000, chapati tano, 10,000, na sosi, naam, sosi ya pilipili iliyokuwa mezani tangu tunafika, 4,000. Jumla, shilingi 186,000. Tulipogoma kulipa alianza kwa kupandisha sauti, akaja kwenye kubembeleza, na baada ya dakika kumi akakubali 150,000. Naomba mnielewe hapo: kama shilingi 36,000 zinaweza kuyeyuka kwa sababu mtu mmoja amekunja uso, basi ile 186,000 haikuwa bei ya chakula, ilikuwa makadirio ya upole wetu. Wakati tunaondoka, mwenzetu aliyebaki nyuma alimwona mtembezaji wetu akipokea noti kutoka kwa muuzaji huyo huyo nyuma ya jiko. Cha juu chake kilikuwa ndani ya pweza wetu.

Kwa haki, sitawapaka wote tope moja. Hatua thelathini kutoka pale palikuwa na mama anayeuza urojo, na bei ameiandika kwa chaki kwenye ubao: 3,000. Tulirudi kwake na njaa zetu, akatujazia bakuli za bhajia, kachori, viazi na chipsi za muhogo, ukwaju umekolea sawasawa, na tulipompa noti ya 20,000 alirudisha 5,000 bila kuombwa. Hakuna aliyemlazimisha mama yule kuandika bei, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya yule bwana wa pweza.

Ninachotaka kwa wanaosimamia bustani ile na biashara zake ni ubao kama ule kwenye kila meza, wenye bei ya kila kitu kwa shilingi, na namba ya meza ili mteja ajue anamlalamikia nani. Kama miongoni mwenu yupo anayejua lalamiko la aina hii linapelekwa mlango gani, anielekeze. Kipande cha boksi ninacho, kina mafuta ya pweza na mwandiko wa muuzaji mwenyewe, na upande wa pili wa kanga ya mama bado ninaudai.