Walimu wapya wa Kichina, mnaharibu toni za watoto halafu mnatuachia tuzirekebishe

Wanajamvi, leo mtanisamehe, uzi huu una hasira.

Mtu kamaliza HSK 1, ngazi ya chini kabisa ya mtihani wa Kichina, maneno 150 kwa ule mfumo wa ngazi 6, kesho yake kabandika tangazo la tuisheni kwa watoto wa miaka 6. Uchache wa maneno si kesi: YCT 1, mtihani wa watoto, unataka maneno 80 tu. Kesi ni toni, yaani ile sauti kupanda, kushuka au kubaki palepale, inayobadilisha maana ya neno. Neno lililosahaulika hufundishwa upya dakika mbili, toni iliyokaa vibaya kinywani unapambana nayo mihula.

Mnaanza kuharibu kwenye kiitikio. Ule mtindo wetu wa "hiki ni ki...?" "...ti!" kwa Kiswahili hauna madhara. Sasa mwalimu anainua picha ya bakuli la supu, anauliza kwa kupandisha sauti, "Tang?" Darasa zima linajibu vilevile, linapandisha. Supu ni tāng, toni ya kwanza, juu na tambarare. Ukiipandisha umesema táng, toni ya pili, sukari. Na sauti ishirini zikilia pamoja, utajuaje nani kakosea? Tamka neno zima mara tatu, mkono ukiwa umenyooka usawa wa paji la uso, hausogei. Kisha mtoto mmoja mmoja. Kiitikio kije mwisho, kama kije.

Toni ya tatu ndiyo aibu kubwa. Kitabu kimechora alama ya V juu ya irabu, basi mnawafundisha kushuka na kupanda kila mahali, mtoto anasema lǎoshī (mwalimu) anayumba kama baiskeli yenye ringi iliyopinda. Kwenye maongezi, toni ya tatu ikifuatwa na ya kwanza, ya pili au ya nne (ile inayoshuka), inabaki chini tu. Haipandi. Zikikutana mbili, ya mbele inakuwa ya pili: unaandika nǐ hǎo, unatamka ní hǎo. Waambie watoto "sauti ya chini", hiyo V itakuja baadaye.

Halafu huu uvivu wa kuandika "shie-shie" ubaoni! X ya xièxie (asante) si sh yetu. Ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya chini, midomo imetanuka. Na b ya pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, si b ya "baba": tofauti yake na p ni pumzi. Watu wa Mombasa na Lamu wanayo tayari, paa la nyumba halina pumzi, paa wa porini anayo. Chukua kipande cha tishu, kining'inize mbele ya mdomo: ukisema pà kinaruka, ukisema bà kinatulia. Kikiruka kwa zote mbili, rudia.

Maandishi siyagusi leo, ila herufi 口 (mdomo) ni mipigo 3 ya kalamu, si 4. Juu na kulia ni mpigo mmoja unaokunja kona.

#2
Mkuu, sisi tunasukumwa. Mzazi anataka video ya mtoto akiimba Kichina wiki ya pili, la sivyo halipi mwezi unaofuata.

#3
Na mimi niulize bila kuona haya: kama toni zangu mwenyewe sina uhakika nazo?

#4 (mwenye uzi)
#3, acha kutumia sauti yako kama mfano. Weka rekodi ya mzungumzaji mzawa, neno mojamoja. Nyumbani jirekodi jozi za toni: 4 za mbele mara 5 za nyuma, ukihesabu ile isiyo na toni, zinakuja 20. Kwa sikio ni 19, kwa sababu 3+3 inasikika kama 2+3. Usijirekodi silabi moja moja, hapo kila mtu anapatia.

#2, muziki una kupanda na kushuka kwake, unameza toni. Mtoto anaweza kuimba wimbo mzima asijue toni hata moja. Mpe mzazi video nyingine. Vifuniko 10 vya soda mkononi mwa mtoto, penseli 10 mezani. Ukisema mǎi, ananunua: anatoa kifuniko, anachukua penseli. Ukisema mài, anauza: anarudisha penseli, anadai kifuniko chake. Changanya mara 10, anza na mǎi, ficha mdomo kwa daftari. Akipatia chini ya 8, siku hiyo hakuna neno jipya, mzazi anune asinune.