Mwenye stenti ya dawa akitaka kung'olewa jino, aache klopidogreli?

Muuguzi_Kisumu
Habari wenzangu. Mzee wa miaka 61 aliwekewa stenti (kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa wa moyo uwe wazi) iliyopakwa dawa ya everolimusi miezi 4 iliyopita baada ya shambulio la moyo. Anameza aspirini 75 mg na klopidogreli 75 mg, zote za kuzuia damu isigande, pamoja na omeprazoli ya kiungulia. Daktari wa meno anataka aache klopidogreli kwa siku 7. Je, dawa ya kwenye stenti bado inamlinda?

Katheta_Nakuru
Asiache, Sista. Stenti ya chuma kitupu ilikuwa ikizibwa na chembe za misuli zinazozaliana kufunika jeraha la puto linalopanulia mshipa. Everolimusi huzizuia zisigawanyike. Kwenye stenti ya kobalti-kromi inayotumika sana kuna takriban mikrogramu 100 kwa kila sentimita ya mraba. Karibu 80% hutoka siku 30 za kwanza, wakati chembe zinazaliana kwa kasi, na kufikia mwezi wa nne imekwisha.

Lakini dawa hiyo haichagui. Utando wa ndani ya mshipa, ambao ungefunika nyaya za stenti, nao huchelewa kuota. Waya ulio wazi hunasa chembe sahani (chembe za damu zinazoigandisha), na bonge la damu likifunga stenti, ni shambulio jingine papo hapo. Kovu la chembe za misuli huziba polepole, kifua kikaanza kubana na mgonjwa akawahi hospitali. Bonge halitoi nafasi hiyo. Ndiyo maana baada ya shambulio la moyo kawaida ni miezi 12 ya dawa zote mbili.

Mfamasia_Kakamega
Naunga mkono. Omeprazoli nayo ibadilishwe iwe pantoprazoli, kwa kuwa omeprazoli inabana kimeng'enya cha ini kinachoiamsha klopidogreli. Jino ling'olewe asubuhi, shimo lijazwe sponji ya kuzuia damu na kushonwa, kisha aume shashi dakika 30, ikiwezekana iliyoloweshwa asidi ya traneksamiki 5%. Maumivu: parasetamoli. Ibuprofeni hapana kabisa.

Muuguzi_Kisumu
Asanteni sana. Na siku moja ikiziba kwa kovu, huwekwa stenti nyingine juu yake?

Katheta_Nakuru
Si lazima. Kwanza mshipa upigwe picha kwa ndani: mara nyingi stenti haikupanuka sawasawa juu ya chokaa iliyoganda kwenye ukuta wa mshipa, na hapo hakuna dawa itakayosaidia kabla ya kuipanua kwa puto la shinikizo kubwa. Kisha hutumika puto lililopakwa paklitakseli (dawa nyingine ya kuzuia chembe zisizaliane), mikrogramu 2 hadi 3.5 kwa milimita ya mraba, likijazwa kwa sekunde 30 hadi 60. Halishikwi kwa vidole wala haliloweshwi kabla, na lifikishwe upesi, maana damu huosha mpako likiwa bado njiani.