Boksi bledi ya trekta letu: futi 5 au futi 6? (Kikundi cha Familia, Hombolo)

Baba Neema: Mbukwenyi! Shikamooni wakubwa zangu. Niko mjini kwa muuza vifaa vya trekta. Boksi bledi, lile boksi la chuma la kuburuza nyuma ya trekta kusawazisha barabara, zipo mbili, ya futi 5 na ya futi 6. Muuzaji anasema nichukue futi 6, kuchonga barabara kutaisha haraka. Mnasemaje kabla sijatoa hela?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Chukua kubwa. Mvua ya mwaka huu imeila njia ya shambani, pale mbuyuni pameshakuwa korongo. Agosti zabibu zinaiva. Lori lisipofika tutazibeba kichwani?

Mjomba: Marahaba. Baba Neema, usitoe hela bado. Upana wa trekta umeupima?

Baba Neema: Hapana mjomba. Ninachojua ni HP 28 (nguvu za farasi), na linavuta kwa magurudumu yote 4.

Mjomba: Elia yuko nyumbani. Elia, chukua tepu, nenda nyuma ya trekta. Pima kutoka ukingo wa nje wa tairi la kushoto mpaka ukingo wa nje wa tairi la kulia. Usipime katikati ya tairi.

Elia: Shikamoo babu. Naenda sasa hivi.

Mama Upendo: Mjomba, tairi na bledi vinahusiana nini?

Mjomba: Vinahusiana sana mama. Bledi inapita nyuma ya tairi. Ikiwa nyembamba kuliko tairi, unasawazisha katikati, pembeni inabaki mifereji miwili ya tairi. Mvua ya Desemba ikija, maji yanafuata mifereji hiyohiyo. Korongo la mbuyuni lilianza hivyo, nililiona kwa macho yangu. Kwa hiyo lazima ifunike tairi zote mbili na kuzidi kidogo.

Sasa kuhusu kubwa. Watu wanaangalia HP tu, lakini trekta dogo haliishiwi nguvu ya injini kwanza, linaishiwa mshiko. Ni jepesi. Boksi ya futi 5, kimo kama sentimita 45, ikijaa vizuri inaburuza udongo wa kilo 200 na zaidi, mbali na uzito wa chuma chenyewe. Ukiongeza futi nzima, tairi zitazunguka bure, zitachimba mashimo mapya. Na ardhi yetu mnaijua, mwezi wa 7 inakuwa kama sakafu ya saruji.

Elia: [picha] Sentimita 142 babu.

Mjomba: Ahsante mwanangu. Futi 5 ni sentimita 152, inazidi 5 kila upande. Inatosha kabisa. Futi 6 ni 183, inazidi 20 kila upande, na huo wote ni mzigo wa kuvuta. Ya futi 4 ingekuwa 122, tairi zingebaki nje.

Shangazi: Lakini kaka, jirani yetu ana trekta kama letu, bledi yake futi 6, na anachonga vizuri tu.

Mjomba: Dada, ile si boksi. Ile ni bledi ya ubapa mmoja, inapindishwa. Ukiipinda nyuzi 30, futi 6 inafunika sentimita 158 tu, ndiyo maana watu huinunua ndefu. Na udongo unamwagika pembeni, haiubebi. Ni nzuri kwa kuchonga mtaro na kuipa barabara mgongo. Boksi inachukua udongo palipovimba, inaushusha palipobonyea. Shida yetu ni mashimo.

Shangazi: Hapo nimekuelewa.

Mama Upendo: Basi futi 5, na chenji inunue dizeli. Mimi mweka hazina nimeridhia.

Mjomba: Subirini. Baba Neema, pima pini za kufungia boksi kwenye trekta: za chini milimita 22, ya juu 19, kama za trekta letu. Hesabu meno ya kuchimbua udongo, hakikisha yanapanda na kushuka na ncha zake zinabadilishwa. Halafu inueni upande mmoja kwa mikono. Ikinyanyuka kirahisi, iache, ni bati jembamba, itarukaruka juu ya ardhi ngumu.

Baba Neema: [picha] Meno 5. Pini zinalingana. Tumeinua watu wawili, imegoma.

Mjomba: Lipia. Udai risiti.

Elia: Babu, tunaanza lini kuchonga?

Mjomba: Wiki hii, kabla unyevu wa chini haujaisha. Raundi ya kwanza fupisha mkono wa juu unaoshika boksi kwenye trekta, meno yaingie, sentimita 5 tu, gia ya chini. Udongo ukikwanguliwa wote, pandisha meno, urefushe mkono, ndipo usawazishe. Kona usikate boksi likiwa chini. Na mbele tufunge vyuma vya uzito, la sivyo ukiinua boksi usukani unakuwa mwepesi, trekta halishiki njia.

Elia: Nimeandika yote.

Shangazi: Na korongo la mbuyuni je?

Mjomba: Pale boksi peke yake haliwezi dada. Tuanze na mtaro wa kuyatoa maji kule juu, kisha tujaze mawe, moramu juu yake, ndipo Elia apitishe boksi.

Shangazi: Mawe yamerundikwa mpakani kwangu tangu tulipolima. Elia, njoo na tela kesho alfajiri, jua halijakuwa kali.