Ushauri wakuu: tovuti ya asasi yetu Kigoma inakufa na mfukoni tuna laki tano

Mama Vichanja (mleta uzi):
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, matusi niwekeeni kiporo. Mimi ni katibu wa asasi ndogo hapa Kigoma, tunafanya kazi na akinamama wanaoanika dagaa Kibirizi. Tuna tovuti tangu 2019. Siku hizi ukiifungua kwa simu inazunguka mpaka unamaliza kumenya ndizi, halafu inaandika "si salama". Picha ya juu ni ya uzinduzi, na mwenyekiti anayekata utepe alishafariki. Wafadhili wanakuja wiki ijayo. Hela ya mwaka mzima ni laki tano. Nihamie hostingi gani (wale wanaotutunzia tovuti kwenye mtandao) ya bei nafuu?

Kijana wa Ujiji:
Hostingi mnaisingizia. "Si salama" ni cheti cha usalama cha tovuti kimeisha muda. Let's Encrypt wanatoa bure, kinadumu siku 90, na seva ikipangwa vizuri inakihuisha yenyewe. Uzito ni picha: mnapiga kwa simu, MB 5 moja, mnapandisha hivyohivyo. Punguza upana uwe pikseli 1200, itashuka hadi KB 200 hivi na hakuna atakayeona tofauti. Kama tovuti imejengwa kwa mfumo wa WordPress, futa plagini (vile viprogramu vya nyongeza) msizotumia, zilizobaki sasisha. Ila BAKAPU KWANZA, yaani tunza nakala ya tovuti nzima pembeni. Paswedi anayo nani?

Mama Vichanja:
Asante mdogo wangu. Paswedi si tatizo. Nisaidieni hostingi.

Mzee wa Kikao:
Asasi hizi ni posho tu. Wauza dagaa na tovuti wapi na wapi?

Mama Vichanja:
Mzee wangu, kuna mama pale anauza gunia kwa WhatsApp kabla hujaamka.

Asali ya Tabora:
Mmenikumbusha machungu. Kikundi chetu cha wafuga nyuki huku, mhasibu aliondoka na muhuri. Muhuri tu! Miezi minne hatukuweza kuandika hata barua. Mpaka leo nikimwona stendi navuka barabara, nisije nikatenda dhambi.

Kijana wa Ujiji:
Dada, narudia. Domeini, yaani anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa jina la nani?

Mama Vichanja:
Haya. Ni jina na barua pepe ya shemeji yangu, aliyekuwa mume wa mdogo wangu. Yeye ndiye aliyeitengeneza. Waliachana mwaka jana, na kwenye kikao mimi ndiye niliyesema maneno makali. Siwezi kumpigia. Kwa hiyo kuna fundi wa hapa Mwanga atatutengenezea mpya ya .com kwa laki nne na nusu. Nimeshampa laki mbili. Msinisute, mtu alikuwa amekaa mbele yangu na laptopu iko wazi.

Abiria wa Liemba:
Meli yetu ya Liemba ilizamishwa 1916, ikaopolewa 1924, 1927 ikarudi kazini. Na Wajerumani kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi. Hiyo ndiyo bakapu ya kwanza Kigoma. Wewe shemeji kanuna tu unanunua meli mpya 😂

Kijana wa Ujiji:
Mkiacha domeini yenu ya sasa ya .or.tz mnaacha jina la asasi zisizo za faida, na barua pepe zote za jina hilo zinakufa nalo. Wafadhili wanawaandikia wapi?

Mama Vichanja:
Hukohuko. Iko mpaka kwenye bango na mikataba.

Pilipili Kichaa:
Subirini kwanza. Akaunti imefunguliwa leo, shemeji yumo, mwenyekiti marehemu yumo, fundi yumo. Hii ni chai. Kesho "fundi" atatokea hapa na namba ya simu.

Asali ya Tabora:
Tena ya tangawizi. Leteni mihogo.

Mama Vichanja:
Ningetunga, ningejitungia bajeti ya laki tano? Chini kabisa ya tovuti kuna herufi ndogo: "Imetengenezwa kwa upendo na", halafu jina la shemeji na la mdogo wangu. Mdogo wangu kaniomba mara tatu niyafute. Ndiyo, sina paswedi. Mmefurahi?

Abiria wa Liemba:
Mihogo irudisheni jikoni.

Kijana wa Ujiji:
Basi asipige wewe. Apige mwenyekiti wa sasa, kikazi, aombe akaunti ya msajili wa domeini na msimbo wa kuihamisha. Mkipata, domeini iandikwe jina la asasi, na barua pepe ya usajili isiwe ya domeini hiyohiyo, maana domeini ikilala na barua pepe inalala nayo. Kwa fundi, dai laki mbili leo.

Mama Vichanja:
Nimemwandikia shemeji mwenyewe, nimeanza na samahani. Tiki mbili za bluu, kimya.

Pilipili Kichaa:
Na fundi?

Mama Vichanja:
Fundi hapokei.