Tupeane uzoefu: anime ya kuchekesha iliyokukumbusha aibu yako mwenyewe

Kasuku Bubu
Wakuu, jana usiku nilikuwa naangalia Bocchi the Rock! na mdogo wangu, ile katuni ya Kijapani ya msichana mwenye aibu anayeingia bendi. Tukafika pale Hitori Gotoh, yaani Bocchi mwenyewe, anapopiga gitaa jukwaani mara ya kwanza akiwa ndani ya boksi la maembe. Mzima mzima humo ndani, watu wanasikia gitaa tu. Mdogo wangu kacheka hadi kamwaga chai. Na mimi nikacheka, halafu nikanyamaza ghafla. Nilikumbuka daladala.

Mwaka wa kwanza chuo nilikuwa natokea Posta, nashukia Sayansi. Neno lenyewe moja tu: shusha. Naliweka mdomoni tangu Victoria. Makumbusho nalifanyia mazoezi kimoyomoyo, kwa sauti nzito, kwa sauti ya kawaida. Sayansi ikifika nafungua mdomo, inatoka hewa. Konda hajasikia, dereva kapitiliza. Nashuka Mwenge na wenzangu kama vile ndiko nilikokuwa naenda, narudi kwa miguu. Hiyo haikuwa siku moja, ni muhula mzima.

Haya, nani mwingine?

Mpole wa Chumbageni
Mimi nilikuwa nasubiri mtu mwingine aseme ndipo na mimi nishuke naye. Asiposema mtu, basi tena.

Makanga Anidai
Huku Nairobi shida yangu ni chenji. Makanga akishakaa nayo dakika tano, hiyo nimetoa sadaka. Kuna mmoja wa njia ya Rongai nadhani nimemsomeshea mtoto.

Pembeni Kushoto
Kila mtu Bocchi, Bocchi. Kwa sababu yule anapendeza. Nendeni mkaangalie WataMote ya 2013 ndipo mje hapa tuongee. Tomoko Kuroki hana gitaa, hana kipaji, hakuna msichana mchangamfu anayemkuta bustanini na kumvuta kwenye bendi. Jina refu la hadithi yake linasema hivi: nikikosa kupendwa, nyie ndio wenye makosa. Na ndivyo anavyowaza! Anakaa peke yake, anawadharau darasa zima kimoyomoyo, halafu akirudi nyumbani anaumia kwamba hakuna aliyemsemesha.

Huyo ndiye mimi wa kidato cha tano. Mapumziko nilikuwa natembea haraka haraka kuzunguka madarasa na daftari mkononi ili nionekane nina shughuli. Siku moja dada mmoja akaniuliza, "Mbona kila siku unapita hapa, umetumwa na nani?" Nikamjibu, "Mwalimu." Hakukuwa na mwalimu. Baada ya hapo nikabadilisha njia, nikawa napitia nyuma ya vyoo. Sehemu ya kwanza ya WataMote niliimaliza kwa siku tatu, maana kila baada ya dakika nne nilikuwa nazima.

Shemeji wa Komi
Wote mmeacha ya maana. Komi Can't Communicate, 2021. Pale mwanzoni, Komi, msichana asiyeweza kuongea na watu, na mwenzake Tadano wamebaki wawili darasani, wanaandikiana ubaoni kwa chaki mpaka ubao unajaa. Neno halitoki mdomoni lakini mkono unatiririka. Kipande kile hakina hata utani, na ndicho cha kweli kuliko hayo maboksi yenu.

Pembeni Kushoto
Komi ni mrembo na shule nzima inamwabudu. Akinyamaza wanasema ana haiba. Mimi na wewe tukinyamaza tunaambiwa tuna dharau. Anataka marafiki mia moja, mimi nilikuwa natafuta mmoja wa kula naye.

Shemeji wa Komi
Sasa uzuri ni kosa lake? Wivu huo. Na huyo Tomoko wako hakosi marafiki kwa aibu, anakosa kwa tabia.

Pembeni Kushoto
Umenitukana mimi hapo, maana nimesema ndiye mimi.

Makanga Anidai
Watu wenye aibu mnajua kugombana nyie!

Bi Harusi Hayupo
Naombeni nafasi. Hii sijawahi kuiandika popote.

Mwaka 2019 tulikwenda kumposea binamu yangu. Mshenga alikuwa baba mdogo, mtu wa maneno. Asubuhi ile akaamka mafua yamemkaba, sauti hakuna. Wazee wakanitazama mimi: wewe umesoma, utasema. Njia nzima kwenye gari narudia: tumeona ua zuri bustanini kwenu, tumekuja kuliomba. Tumeona ua zuri bustanini kwenu.

Tumefika, tumekaa mkekani, wajomba wanane mbele yangu, hakuna hata mmoja anayetabasamu. "Haya wageni, tuelezeni shida yenu." Nikasimama. Mnajua Hitori sura inavyoanza kuyeyuka, macho yanakwenda kushoto, mdomo kulia? Ndani yangu ilikuwa hivyo hivyo. Ua likapotea. Bustani ikapotea. Kichwani kikabaki kitu kimoja tu nilichowahi kukisema mbele za watu maishani, nacho nilikisema msibani. Nikasikia sauti yangu:

"Wazee wetu, tumepokea taarifa kwa masikitiko makubwa, tumekuja kuwapa pole."

Kimya. Bibi mmoja mlangoni akauliza, "Nani tena jamani?"

Hapo mjue kwamba walikuwa na mgonjwa wao kalazwa wiki ya pili. Wakajua sisi tumepata habari kabla yao. Kilio kikaanzia uani, kikaingia ndani. Bibi harusi mtarajiwa katoka mbio, posa kaisahau. Watu wanapiga simu hospitali, haipokelewi. Baba mdogo anajaribu kupaza sauti kwamba hapana, hapana, sauti haitoki!

Mimi niliona mlango wa jikoni, nikapita. Walinikuta saa nzima baadaye bandani kwa kuku. Faini ilikuwa mbuzi, kwa kuita mauti kwenye nyumba ya watu.

Mpole wa Chumbageni
Nimekufa. Nipeni pole na mimi.

Shemeji wa Komi
Mgonjwa alipona??

Kasuku Bubu
Na mke mlipewa? Ndugu, usituache hapa.

Makanga Anidai
Kaingia bandani tena.

Sindano Taratibu
Wakati tunamsubiri. Mimi ni nesi. Mnaandika "aibu" lakini kuna aibu na kuna wasiwasi uliopitiliza, ule unaokufanya uache kazi au masomo ili usionwe na watu. Wajapani wana jina lao, taijin kyofusho, na daktari wao wa akili Morita Shoma alihangaika nalo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwao hofu mara nyingi haiishii kwamba mimi nitaaibika, inafika kwamba mimi nitawakera wenzangu: kwa macho yangu, kwa kuiva kwangu uso, kwa kuwepo kwangu. Mwangalieni Hitori, muda wote ni kuomba radhi. Anasoma shule ya mbali, saa mbili kwa treni, ili asikutane na anayemjua.

Morita alikuwa anawaambia wagonjwa wasisubiri hofu iishe. Iache iwepo, wewe fanya kazi iliyo mbele yako. Ndiyo maana boksi lile silioni kama kujificha tu. Kajificha, sawa, lakini vidole vinapiga.

Dua Mbele
Mimi naona mnamcheka mgonjwa halafu mnaita sanaa. Mtoto anatetemeka, nyie kicheko.

Kasuku Bubu
Sioni hivyo. Mimi nikiogopa, usoni huoni kitu. Mama yangu mpaka leo anajua nilikuwa naenda Mwenge kwa rafiki. Wale waliomchora Hitori mara udongo, mara picha za kweli, mara anasambaratika vipande, wameleta nje kitu ambacho mimi sikuwahi kuweza kumwonesha mtu. Kumbe kina sura, na sura yenyewe ni ya kijinga. Nilipumua.

Pembeni Kushoto
Ushauri wangu: gonga mbili tatu kabla ya kusimama mbele za watu.

Mpole wa Chumbageni
Ndivyo alivyoanza Kikuri, yule mpiga besi mlevi wa kwenye Bocchi. Naye shuleni alikuwa mtu wa kujikunyata, akaanza kunywa apate ujasiri wa kupanda jukwaani. Sasa hivi anakopa nauli.

Makanga Anidai
Kuna ile dawa ya presha, propranolol, mikono haitetemeki. Bosi wangu humeza kabla ya mkutano.

Sindano Taratibu
USIMSHAURI MTU HIVYO. Mwenye pumu akiimeza anaweza kubanwa asipumue. Nendeni mkapimwe. Vinginevyo anza na kidogo: leo msalimie muuza duka, kesho muulize bei.

Dua Mbele
Nikiuliza bei lazima ninunue. Nina sabuni nane ndani.

Bi Harusi Hayupo
Nimerudi, nilikuwa kazini. Mgonjwa alipona, anatembea. Mke alipatikana, wana watoto wawili. Kila sikukuu nikifika pale, wajomba wote wanane wanasimama mlangoni, wananishika mkono mmoja mmoja: "Pole sana kwa msiba."

Kasuku Bubu
Wakuu, leo nimesema. Nimepanda Posta, tumefika Sayansi, nikasema SHUSHA, gari zima likasikia. Konda kageuka: "Nani kasema shusha?"

Nipo Mwenge.