Kasa, tembo wanne na viatu vya Mjomba: gumzo la kikundi cha ukoo

Rukia (Jambiani): Assalamu alaykum wakubwa zangu, na shikamooni nyote. Ami Mwalimu aliuliza asubuhi kwa nini tangu masika yaanze siji mjini mwisho wa wiki wala sijibu salamu kwa wakati, na sikutaka kumjibu kwa neno moja. Si kazi, wala si maradhi, wala si mchumba kama alivyoandika Khalid. Nimezama katika vitabu.

Ami Mwalimu: Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu. Nimefurahi kuona umeandika maneno kamili bila ya kuyakata mikia, kwa kuwa hilo ndilo sharti pekee la kikundi hiki. Ni vitabu gani hivyo vinavyomzuia mtu kuitikia salamu?

Rukia (Jambiani): Ni mfululizo uitwao Discworld, ulioandikwa na Terry Pratchett wa Uingereza. Viko 41, cha kwanza kilitoka mwaka 1983 na cha mwisho mwaka 2015, miezi michache baada ya mwandishi kufariki tarehe 12 Machi. Mimi nilianzia cha nane, na sikukichagua. Hapa kazini wageni wakiondoka huacha vitabu kwenye rafu ya mapokezi, na usiku mmoja umeme ulipokatika nilichukua kimoja ambacho jalada lake lilikuwa limeliwa na unyevu. Kinaitwa Guards! Guards!, cha mwaka 1989. Nilikusudia kupitisha saa moja tu, lakini nilikwenda nacho mpaka adhana ya alfajiri kwa mwanga wa simu, nikicheka peke yangu hata mlinzi akaja kunigongea mlango kuuliza kama niko salama.

Mjomba Fundi: KITABU GANI HICHO CHA KUMFANYA MTU ASILALE.

Khalid: Mjomba, ukiandika kwa herufi kubwa inakuwa kama unatupigia kelele.

Mjomba Fundi: SIPIGI KELELE. SIMU IMEKWAMA HAPA TANGU IDI NA KILA NIKIIBONYEZA HAISHUKI.

Rukia (Jambiani): Dunia yenyewe, Mjomba, ni bapa kama sinia. Imebebwa na tembo wanne, na tembo hao wamesimama juu ya mgongo wa kobe mkubwa sana aogeleaye angani baina ya nyota.

Ami Mwalimu: Samahani nikukatize. Kobe haogelei. Kobe ni mnyama wa nchi kavu, kama wale wa kisiwa cha Changuu, ambao wanne wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Ikiwa ana mapezi na anaogelea, huyo ni kasa, na mtoto wa kisiwani hatakiwi kukosea hapo.

Rukia (Jambiani): Ana mapezi, Ami. Basi ni kasa, naomba radhi. Juu ya sinia hilo kuna mji mchafu wa Ankh-Morpork, na katika mji huo kuna askari wachache wa zamu ya usiku, wamedharauliwa na kila mtu, wakiongozwa na kapteni mlevi aitwaye Sam Vimes. Kundi la watu wenye uchungu na jirani zao linakutana kwa siri na kuliita joka litemalo moto ili wapate kutawala, na bila shaka joka likishafika halitaki tena kuambiwa la kufanya. Pale nilipocheka mpaka nikalia ni hapa: askari wanapanda juu ya paa wakiwa na mshale mmoja wa kulilenga joka. Katika hadithi zote shujaa mwenye nafasi moja katika milioni hufanikiwa mara tisa katika kumi, na wao wanalijua hilo, kwa hiyo wanaingia wasiwasi kwamba huenda nafasi yao ni nzuri kidogo kuliko inavyotakiwa. Wanaanza kuipunguza kwa makusudi, sajini asimame kwa mguu mmoja, afanye hili na lile, ili hesabu itimie milioni barabara. Anapiga, anakosa. Hesabu haikutimia.

Ami Mwalimu: Hicho ni kichekesho cha mtu aliyesoma hadithi nyingi mno.

Rukia (Jambiani): Alisoma nyingi kweli. Kabla ya kuwa mwandishi wa vitabu alikuwa mwandishi wa habari, kisha akawa msemaji wa shirika la umeme lililokuwa na vinu vya nyuklia.

Khalid: Mimi nakataa jambo moja. Rukia alinipa Guards! Guards! nikakiacha katikati, kisha mgeni mmoja wa Ujerumani niliyemtembeza Mji Mkongwe akanipa cha kwanza kabisa, The Colour of Magic. Mashabiki wake wengi humwambia mtu asianzie hapo kwa sababu mwandishi alikuwa bado anajitafuta, lakini mashabiki hao hawafanyi kazi yangu. Kitabu chote kinahusu mtalii wa kwanza kuwahi kuonekana katika dunia ile! Anaitwa Twoflower, anatoka bara lenye dhahabu nyingi kama mchanga, hajui bei ya kitu chochote, analipa sarafu ya dhahabu pale ambapo hata shaba ingetosha, na anataka kuona ugomvi wa kilabuni kwa kuwa amesoma kwamba unapendeza. Kiongozi wake ni mchawi aliyefeli masomo, Rincewind, ambaye ujuzi wake mkubwa ni kukimbia. Mtalii huyo ana kisanduku cha kupigia picha, na ndani yake kuna kijitu kidogo chenye brashi na rangi kinachochora kila anachoelekezewa. Halafu anamweleza mwenye nyumba ya wageni habari ya bima, na yule akaelewa upesi sana, kwamba ukiilipia nyumba kidogo kidogo kisha ikaungua utapewa fedha nyingi. Mtakisia wenyewe mji ulifikwa na nini.

Khalid: Na nilisahau sanduku. Mtalii ana sanduku la mbao lenye miguu midogo chungu nzima, linamfuata bwana wake kila aendako na kumla anayejaribu kuliiba. Toka hapo kila nikipita mbele ya duka la masanduku ya njumu nayatazama miguuni kwanza.

Shangazi Zuwena (Wete): Nimekuwa nikisoma kimya. Nina neno. Khalid aliniambia kwamba humo ndani Mauti ni mtu anayezungumza na kufanya mzaha. Je, jambo hilo linafaa? Malakulmauti si wa kuchezewa, na sisi hatujamaliza hata mwaka tangu tumzike mama yetu.

Rukia (Jambiani): Shangazi, nilijua utaniuliza, na mimi pia nilisita. Huyu si malaika wa imani yetu, ni mhusika wa kubuni, mifupa mitupu iliyopanda farasi mweupe aitwaye Binky, anayependa paka na asiyeelewa kwa nini wanadamu wanahangaika hivi. Yeye haui mtu. Anafika tu wakati ukitimia, na mara nyingi ndiye mpole kuliko wote waliomo chumbani. Katika kitabu kiitwacho Mort, cha mwaka 1987, anachukua mwanafunzi wa kazi, kisha mwenyewe anakwenda kujaribu kuishi kama watu, na anakuta kazi ya kupika jikoni inamfaa. Nilikisoma wiki ile ya khitma ya bibi. Sikukisoma kwa kumdhihaki mtu. Kilinikalisha kitako nikaweza kulia. Na maneno yake yote, katika kila kitabu, yameandikwa kwa herufi kubwa.

Khalid: Kwa herufi kubwa. Kama Mjomba.

Mjomba Fundi: MIMI NASHONA VIATU TU.

Ami Mwalimu: Astaghafirullah, nimecheka peke yangu barazani na watu wananitazama. Lakini hilo la herufi linanitatiza kama mwalimu. Barua za marehemu mama zote ziliandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na hati hizo hazina kubwa wala ndogo. Huyo bwana angezungumza vipi humo?

Rukia (Jambiani): Labda kwa wino mwingine, Ami. Na wewe Shangazi, vyako ni vile vya wachawi wa milimani.

Shangazi Zuwena (Wete): Sisi watu wa Pemba tumechoka kuulizwa habari za wachawi kila boti ikifunga gati.

Rukia (Jambiani): Hawa hawarogi, au huroga kidogo sana. Mkubwa wao ni Granny Weatherwax, mwanamke mkali asiyetaka kushukuriwa, na kazi yake ya kila siku ni kuzalisha, kutazama wagonjwa na kukesha na maiti. Halipwi fedha. Watu humletea chakula na nguo kuukuu, na wanamwogopa, na usiku wa manane ndiye wanayemkimbilia.

Shangazi Zuwena (Wete): Huyo namjua. Katika miaka yangu ya ukunga nimelipwa kuku, mkungu wa mkono wa tembo, na mara moja nililetewa mlango. Kitie katika mfuko wa plastiki usikirowanishe, mpe mtu wa boti.

Ami Mwalimu: Mimi bado. Kucheka ni kuzuri, lakini vitabu 41 vya kucheka ni kama kula halua asubuhi, mchana na jioni. Sisi tuna wetu, Muhammed Said Abdulla, aliyemtoa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 na akaendelea naye miaka mingi, lakini kila kisa kina fumbo la kufumbuliwa. Huyu wako anafumbua nini?

Rukia (Jambiani): Nitakujibu kwa kiatu. Katika Men at Arms, cha mwaka 1993, Kapteni Vimes anafikiri kwa nini matajiri ni matajiri. Mshahara wake ni dola 38 kwa mwezi. Viatu vizuri vya ngozi ni dola 50, hawezi. Vibaya ni dola 10, vinavuja baada ya msimu mmoja au miwili. Mwenye hamsini anavaa vyake miaka kumi na miguu ni mikavu, na maskini katika miaka hiyo hiyo ametumia dola 100, na miguu bado imelowa. Ndicho anachofumbua, Ami. Anakuchekesha mpaka ulegee, halafu unakuta ndani ya kicheko mna hasira, na hasira hiyo ni kwa ajili ya mtu mwenye miguu iliyolowa. Ndiyo maana sikuweza kuviacha.

Mjomba Fundi: NIMEKAA DARAJANI MIAKA THALATHINI NIKIWAAMBIA WATU MANENO HAYO. ANAYENUNUA NDARA ZA ELFU TATU KILA MIEZI MITATU, KWA MIAKA MITANO AMETOA ELFU SITINI. MAKUBADHI YANGU NI ELFU THELATHINI, NGOZI NENE, UZI ULIOPAKWA NTA, NA SOLI IKIISHA NAIBADILISHA. WANANIJIBU FUNDI, ELFU THELATHINI KWA PAMOJA NAZITOA WAPI. NA WANASEMA KWELI. HUYO MWANDISHI ALIKUWA FUNDI.

Shangazi Zuwena (Wete): Na mkaa wa kopo na wa gunia ni hivyo hivyo.

Ami Mwalimu: Nimenyamaza. Kwa nini aliacha kuandika?

Rukia (Jambiani): Alitangaza mwishoni mwa mwaka 2007 kwamba ana maradhi ya ubongo, aina isiyo ya kawaida ya Alzheimer. Vidole vilipokataa kupiga chapa akawa anasema na mashine inaandika. Aliusia kazi zake ambazo hazikumalizika ziharibiwe, na mwaka 2017 kifaa cha kompyuta kilichozihifadhi kikapitiwa juu na mashine ya mvuke ya kushindilia barabara.

Shangazi Zuwena (Wete): Wasia ni wasia. Lakini mashine ya barabara!

Khalid: Ami, kuna jambo la kasa sijalimaliza. Kwenye ukingo wa dunia ile kuna ufalme ambao wataalamu wake wanatengeneza chombo cha kuwateremsha watu chini ya sinia, kwa madhumuni ya kujua kama kasa ni dume au jike. Hawajui, na Kiingereza kinawalazimisha kuchagua kila wanapomtaja.

Ami Mwalimu: Hilo basi ni taabu yao. Kwetu yeye ni yeye, anaogelea, amebeba tembo, na hakuna aliyelazimika kumchungulia. Na tukivitafsiri kwa Kiswahili, mauti kwa kawaida huwa yamefika, lakini kwa huyo wa farasi tutaandika amefika, na msomaji atashtuka pale pale bila ya herufi kubwa hata moja. Rukia, njoo Ijumaa baada ya sala, uje na kitabu na daftari tupu. Kalamu nyekundu ninayo.

Mjomba Fundi: UKURASA WA VIATU NIACHIENI MIMI.